Viwakilishi vya Kiingereza Masikioni mwa Mkonza

“Alimwona stesheni.” Kwa msemaji wa Kiswahili wa Konza, Machakos, pale reli ya Magadi inapoachana na ile ya Mombasa, sentensi hiyo imekamilika. Mazungumzo yenyewe yatafichua nani alimwona nani. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo. Ni lazima achague moja kati ya nne: “He saw her”, “She saw him”, “He saw him” au “She saw her”. Kikamba cha nyumbani nacho, kama Kiswahili, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno la “yeye”. Ndiyo sababu mwanafunzi hodari huandika “he” akimtaja mama yake. Huo si uzembe, na haustahili kuchekwa darasani.

Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa nomino. Vya nafsi ndivyo vinavyotumika zaidi: “I”, “you”, “he”, “she”, “it”, “we”, “they”. Vingi hubadilika kulingana na kazi yake: mtenda ni “I”, mtendwa ni “me”. Kwa kuwa “mimi” haibadiliki, “Mimi nadhani” huzaa “Me I think” inayosikika kote Kenya. “You” hutumika kwa mmoja na kwa wengi. Zamani mtu mmoja aliitwa “thou”, neno lililofifia katika karne ya 17.

Vimilikishi vina mtego mwingine. Kiswahili hufuata kinachomilikiwa: shamba lake, mbuzi wake. Kiingereza humfuata mwenye mali. Shamba likiwa la Mutua ni “his”. Likiwa la Mueni ni “hers”. Tena “changu” hubaki vilevile nomino ikiwepo au isiwepo, lakini Kiingereza husema “my book”, kisha “mine” kitabu kisipotajwa.

Virejeshi vya nafsi na vya kutendana Kiswahili huvibeba ndani ya kitenzi: alijikata, walisaidiana. Kiingereza huvitoa nje: “She cut herself”, “They helped each other”. Anayeandika “She cut her” amesema mwanamke huyo alimkata mwenzake, jambo zito kuliko alilokusudia.

Vionyeshi ni vyepesi: “this” na “these” kwa vya karibu, “that” na “those” kwa vya mbali. Tofauti ya “hicho” na “kile” hupotea, kwani vyote huwa “that”. Viulizi ni “who”, “whom”, “whose”, “which” na “what”. Baadhi ya hivyo hugeuka kuwa virejeshi vya kuunganisha sentensi: abiria aliyeshuka ni “the passenger who got off”, behewa lililobaki ni “the wagon which remained”.

Mwisho kuna vya jumla visivyomtaja mtu kwa jina. “Everybody” huchukua kitenzi cha umoja, kama “kila mtu”. “Nobody” tayari imebeba ukanushi. “Hakuna aliyekuja” ni “Nobody came”, bila “not” yoyote.

Na kwa mtu asiyejulikana kuwa ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza hutumia “they” hata akiwa mmoja: “Somebody left their bag.” Matumizi hayo yako katika maandishi tangu karne ya 14. Hapo ndipo Kiingereza hukaribia “yeye”, na mwanafunzi wa Konza ana haki ya kuyatumia bila hofu.