Tulikwenda Ngomeni na nyanya yao

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Walilosahau kutuonya ni kwamba aliyeona mengi huenda asiyasimulie abadani, endapo hapatatokea wa kumuuliza.

Aghalabu tunapopata likizo ya Disemba, sisi wazazi tunaoishi bara huwapeleka watoto wetu Mombasa, wakaogelea baharini, wakala mihogo yenye pilipili na kunywa madafu, kisha tukarejea nyumbani tukiamini kuwa wameujua mji. Kumbe walichokijua ni ufuo tu.

Mimi ni miongoni mwa wenye hatia hiyo. Kwa miaka mingi nimepita mbele ya Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, nikielekea Mji wa Kale kuwajulia hali wakwe zangu. Nilipaona kuwa mahali pa watalii wenye kamera na wanafunzi waliojazwa katika mabasi. Likizo iliyopita ndipo nilipoamua kuingia na aila yangu: mke wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa ana umri wa miaka 78.

Tulipofika langoni, mama mkwe alisimama. Nilidhani ni uchovu, nikamtafutia mahali pa kuketi kivulini. Kitinda mimba wetu, ambaye hana subira, alimvuta mkono.

"Nyanya, mbona huingii?"

"Mjukuu wangu," akamjibu, "hapa mimi napajua nje tu. Ndani alikuwamo baba yangu."

Mke wangu aligeuka ghafla. Katika miaka yake yote hajawahi kusikia neno hilo likitamkwa nyumbani kwao.

Hapo ndipo tulipoelezwa, sote tukiwa tumesimama juani. Mwaka 1956, babake mama mkwe alifungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya kichwa. Yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa. Kila mara mamake alimshika mkono wakaja kusimama mbele ya lango lile, wakitumai kumwona akitolewa kwenda kufanya kazi za sulubu. Walimwona mara moja tu, naye akatazama chini. Alipofunguliwa, aliwakataza watu wa nyumba yake kulitaja jambo hilo, na amri yake ikadumu hata baada ya yeye kuzikwa.

"Haya, twendeni," akasema hatimaye. "Na mimi nikaone alichokiona."

Tuliingia. Mwelekezi wetu, kijana mwenye ufasaha, alitueleza kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 wakaimaliza 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Italia. Alitusimulia jinsi Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, alivyowageukia mwaka 1631 na kuitwaa ngome. Akatufikisha kwenye mazingiwa ya Waarabu wa Omani, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Disemba 1698. Kifungua mimba wetu alipiga hesabu kwa vidole, akatangaza kuwa hiyo ni miezi 33.

Tuliviona vyombo vilivyoopolewa baharini kutoka katika merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa Wareno. Tuliiona michoro ya merikebu na watu waliyoiacha askari wa Kireno ukutani. Watoto walishangaa kwamba hata askari wa karne ya 17 walichora kutani kama wao wachoravyo nyumbani.

Kisha kijana yule akataja, kwa sentensi moja, kwamba Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na kwamba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Akaendelea na safari yake. Mama mkwe hakuendelea. Aliuwekea mkono ukuta wa mawe ya matumbawe, akanyamaza.

"Na babake nyanya ameandikwa wapi?" kitinda mimba akauliza.

Msomaji, sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lile halijanipa usingizi. Simlaumu mwelekezi, wala siwalaumu watunzaji wa mahali pale. Miaka zaidi ya 400 haiwezi kuelezwa kwa saa mbili bila kufupishwa, na hakuna bango liwezalo kumjua mtu ambaye watu wa nyumba yake wenyewe wamemnyamazia. Wa kulaumiwa ni sisi. Makumbusho hutunza walichoacha wafalme na majemadari, yaani mizinga, kuta na tarehe. Habari za mlipa kodi aliyetazama chini mbele ya mwanawe ni amana ya nyumbani kwake.

Tena si jambo geni katika mji huo huo. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi zama za Wamazrui, yalikuwa vifuani mwa wazee miongo kadhaa baada ya kifo chake, hadi Mwalimu Sikujua alipojitahidi kuyakusanya na kuyanakili. Lau angengoja, wazee wale wangaliondoka nayo, nasi leo tungebaki na jina tu. Je, ni wangapi kati yetu ambao wana Mwalimu Sikujua nyumbani mwao?

Kwa hivyo nasihi yangu kwa wazazi ni nyepesi. Mnapowapeleka watoto makumbushoni, iwe ni Ngomeni, Lamu, Kisumu au Nairobi, msiende bila mzee. Mchukueni babu au nyanya, mtembee kwa mwendo wake, na mnapofika mahali anaposimama, simameni naye. Msimharakishe kwa kuwa basi linangoja. Waacheni watoto wamuulize. Wao huthubutu kuuliza tunayoyaogopa sisi.

Jioni ile, kifungua mimba wetu alichukua daftari akaketi karibu na nyanya yake. Aliandika jina la babu mkuu, mwaka 1956, na sababu ya kufungwa kwake. Mama mkwe alimtaka amsomee alichoandika. Aliposikiliza hadi mwisho, alimrekebisha mahali pamoja.

"Ongeza hapo kwamba hakuiba," akasema.

Ameongeza.