Mafuta kwenye mishipa: Sumaku yafichua yaliyomo ukutani

Wengi wetu tunadhani mshipa wa damu huziba kama bomba la maji linavyoziba kwa uchafu. Sivyo hasa. Mafuta hujijenga taratibu ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, na ukuta huo mara nyingi hutanuka kwa nje ili damu iendelee kupita. Mtu haoni dalili yoyote. Siku utando unaofunika mafuta hayo ukipasuka, damu huganda hapo, na matokeo yake huwa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa ndugu zetu Wamaasai. Mwaka 1972, Dk. George Mann wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa nene sawa na za wazee wa Kimarekani, lakini mishipa yao ilikuwa imetanuka, njia ikabaki wazi. Mann alidhani ukakamavu wa miili yao ndio uliowakinga.

Mann aliyaona hayo kwa maiti. Kipimo cha MRI kinawezesha kuyaona kwa mtu aliye hai. Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio hufanya maji na mafuta ya mwilini yatoe ishara tofauti, na kompyuta huzigeuza kuwa picha. Hivyo daktari huona unene wa ukuta, si njia ya damu peke yake.

Mwaka 2001, watafiti wa New York waliwapima kwa MRI wagonjwa 18 waliokuwa wakitumia dawa ya kupunguza lehemu. Baada ya miezi 6 hapakuwa na badiliko. Baada ya miezi 12 kuta zilikuwa zimepungua unene, ingawa njia ya damu ilibaki vilevile. Funzo ni kwamba dawa hufanya kazi bila mgonjwa kuhisi, hivyo asiiache kwa kuwa "haoni tofauti".

Je, mkazi wa Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, afanyeje? Asisubiri mashine hiyo. Hata mijini, MRI si kipimo cha kila mtu kwa tatizo hili. Apime shinikizo la damu na sukari kwenye kituo cha afya kilicho karibu, aache sigara, apunguze chumvi na mafuta ya kukaangia, na asiache kutembea hata akipata pikipiki.

Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakigoma kutoka, usiseme ni uchovu wala usingoje kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile.