Posho ya Kusubiri: Prosesa Ilale Lini Ndani ya Mashine Pepe?

Tarehe 14 Machi 1872 Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akamwacha David Livingstone ndani ya tembe akisubiri wapagazi. Watu 57 ambao Stanley aliwakusanya Unguja na kuwatuma bara walifika tarehe 14 Agosti. Livingstone akaanza safari tarehe 25. Kwa miezi mitano mzee alikuwa tayari, lakini mabega ya kubeba mizigo hayakuwepo. Vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vilikuwa vimevuruga njia, na hata bila vita Unyanyembe, yaani eneo hilo la Tabora, ndipo misafara ilipovunjika: wapagazi walilipwa, wakatawanyika, na mvua zilipokaribia Wanyamwezi wengi walikuwa na mashamba yao ya kulima. Wasafiri Burton na Speke, waliofika Kazeh, kituo cha misafara cha Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, nao walikwama hapo kwa wiki kadhaa.

Mkuu wa msafara alikuwa na njia mbili. Awaweke watu kambini na kuwapa posho kila siku bila kazi, au awaache waende kwao kisha awatafute upya siku ya kuondoka. Njia ya kwanza inakula nafaka na nguo. Ya pili inakula muda.

Hesabu hiyo inafanyika leo mara maelfu kwa sekunde ndani ya seva zinazopokea malipo ya simu, ankara za serikali na taarifa za hospitali kutoka Tabora. Prosesa ikikosa kazi, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lazima iamue: ibaki macho ikila umeme, au ilale na ikubali kuchelewa kuamka.

Usingizi wa prosesa una ngazi. Katika ngazi ya juu saa ya ndani inasimama, lakini kila kitu kinabaki mahali pake. Katika ngazi za chini umeme unakatwa sehemu moja baada ya nyingine, na kumbukumbu ya karibu inamwagwa. Kwa prosesa za seva za Intel za kizazi cha Skylake, jedwali lililomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, linasema kuamka kutoka ngazi ya kwanza kunachukua maikrosekunde 2, kutoka inayofuata 10, na kutoka ngazi ya chini kabisa 133. Jedwali hilo lina safu nyingine ambayo watu huiruka: ngazi ya chini haina faida ya umeme mpaka usingizi udumu maikrosekunde 600. Ukiamshwa kabla ya hapo, umelipa gharama ya kulala na ya kuamka bila kuokoa chochote.

Kwenye kompyuta ya kawaida mfumo endeshi unaona prosesa yake moja kwa moja na unaweza kukisia vizuri. Mambo yanaharibika tunapoingia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta halisi pamoja na wenzake. Linux imekuwa na uwezo wa kuendesha mashine kama hizo ndani ya kerneli yake tangu Februari 2007, kupitia sehemu iitwayo KVM. Mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, akikosa kazi anatoa amri ya kulala, lakini prosesa si yake. Amri hiyo inamtoa nje ya mashine pepe na kumrudisha kwa mwenyeji, yaani mfumo endeshi wa kompyuta halisi, naye mwenyeji anaulaza uzi wa mgeni, yaani mkondo wa kazi unaomwendesha, anaangalia kama kuna mwingine wa kuhudumiwa, na akikosa anailaza prosesa halisi. Kazi ikija, safari nzima inarudiwa kinyumenyume: prosesa halisi iamke, mwenyeji aupange tena uzi wa mgeni, kisha mgeni aingizwe ndani. Usingizi umekuwa mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja una mlango wake wa kufungua.

Je, haya yana uzito wowote kwa mtu wa Tabora? Swali ni la haki. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kwa njia ya reli ya kati, ni zaidi ya kilomita 800. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo wa taifa unakwenda takribani kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 8, ambazo hakuna fundi anayeweza kuzipunguza. Mbele ya milisekunde 8, maikrosekunde 133 ni kitu gani? Kwa kuamka mara moja, si kitu. Lakini muamala mmoja haumwamshi mtu mmoja. Programu ya mbele inaiuliza hifadhidata, hifadhidata inasubiri diski, foleni ya ujumbe inaamsha programu ya tatu, nayo inarudi tena kwenye hifadhidata. Miamko 50 ya maikrosekunde 100 kila mmoja ni milisekunde 5, zaidi ya nusu ya safari nzima ya mkongo. Na ajabu yake ni kwamba seva yenye kazi ya wastani ndiyo inayoumia zaidi. Ile iliyozidiwa hailali kabisa. Ile ya wastani inasinzia na kuamshwa, inasinzia na kuamshwa, siku nzima.

Dawa ya kwanza iliingia kwenye Linux mwaka 2015, kwa upande wa mwenyeji. Msanidi programu Paolo Bonzini aliongeza kigezo kinachomwambia mwenyeji: mgeni akisema analala, usiharakishe, chungulia kwanza kwa muda mfupi kama kuna kazi inakuja. Dawa ya pili ilikuja mwishoni mwa 2019 na kerneli 5.4, kazi ya msanidi mwingine, Marcelo Tosatti, na hii ilihamishia kuchungulia ndani ya mgeni mwenyewe. Faida yake ni mbili. Mgeni hatoki nje, kwa hiyo hakuna mlango wa kufungua. Na prosesa pepe nyingine ikitaka kumpa kazi haina haja ya kutuma ishara ya kumwamsha, inaandika tu kwenye kumbukumbu na yeye anaona.

Muda wa kuchungulia haukuachwa uwe mmoja. Mgeni anaanza na maikrosekunde 50. Kazi ikimkuta amekwisha kulala, lakini imechelewa kidogo tu, muda unaongezwa maradufu, mwisho 200. Kazi ikichelewa kuliko hizo 200, muda unakatwa nusu, maana kusubiri kulikuwa hasara. Mpango huu ni mzuri, na nyuma yake kuna wazo ambalo mkuu wa msafara angelielewa bila maelezo. Tuseme kuwaita wapagazi upya kunagharimu sawa na posho ya siku kumi. Hujui mizigo itafika lini. Waweke siku kumi, kisha waachilie. Mizigo ikifika siku ya tatu, hukupoteza kitu. Ikifika siku ya kumi na moja, umelipa posho ya siku kumi na gharama ya kuwaita, yaani maradufu ya kile ambacho mtu mwenye kujua yote angelipa. Zaidi ya maradufu huwezi kulipa kamwe. Wanahisabati wamethibitisha kwamba, kwa asiyejua kesho na anayefuata kanuni isiyotumia bahati nasibu, hakuna kanuni yenye kinga bora kuliko hiyo.

Lakini kanuni hiyo inadhani kwamba anayelipa posho na anayesafiri ni mtu mmoja. Kwenye mashine pepe sivyo, na hapa ndipo ninapoona kosa la waliozoea kuwasha kila kitu kinachoahidi kasi. Mwenyeji anapochungulia, akiona uzi mwingine unasubiri prosesa hiyo, anaacha mara moja na kuipisha kazi. Mgeni anapochungulia ndani, mwenyeji haoni tofauti yoyote: kwake mgeni yuko kazini. Jirani mwenye kazi ya kweli anasubiri nje huku mgeni akikodolea macho kumbukumbu tupu. Maelezo rasmi ya kerneli yanakiri udhaifu huo waziwazi. Tena prosesa iliyo macho inakula sehemu ya umeme na joto ambayo ingewawezesha wenzake ndani ya chipu moja kupandisha kasi.

Kwa hiyo kuchungulia ndani ya mgeni kunafaa pale ambapo prosesa halisi imetengewa mgeni mmoja, kama hifadhidata ya malipo inayopewa prosesa zake peke yake. Hapo hakuna jirani wa kuonewa, na bili ya umeme inamhusu yuleyule anayefaidi kasi. Pale ambapo wageni kumi na tano wamebanwa kwenye prosesa nane, mwachie mwenyeji kazi ya kuchungulia.

Kuna hali ya tatu, ambayo walioandika vigezo hivi huenda hawakuifikiria sana: seva ndogo katika ofisi ya chama cha ushirika cha tumbaku au hospitali ya wilaya, iliyo juu ya betri kila umeme unapokatika. Hapo kila wati ni dakika. Muda wa kuchungulia wa mgeni unabadilishwa bila kuzima mashine, kwa hiyo programu inayoangalia betri inaweza kuushusha hadi sifuri mara umeme unapopotea na kuurudisha unapowaka. Mhasibu atasubiri ukurasa kidogo zaidi, asitambue.

Anayetaka kujua seva yake iko upande gani asianze na vigezo. Aangalie kwanza kwa mwenyeji prosesa zinakaa sehemu gani ya muda katika kila ngazi ya usingizi, kisha aingie kwa mgeni aangalie muda ulioibwa, ule ambao mgeni alitaka prosesa lakini mwenyeji akawa amempa mwingine. Muda ulioibwa ukiwa juu, kuchungulia ndani ya wageni kuzimwe leo. Ukiwa sifuri na prosesa zinashinda kwenye ngazi ya chini kabisa huku watumiaji wakilalamikia uzito, aanze na maikrosekunde 50, apime siku ya kazi nzima, ndipo aongeze.