Kuchagua Chuma cha Pembe kwa Meza ya Ufundi

Askari anayekaribia kustaafu, akitaka kufungua karakana ndogo nyuma ya nyumba yake huko Tororo au Busia, hutengeneza kwanza meza ya kazi. Kiunzi chake hufanywa kwa chuma cha pembe, yaani chuma kirefu chenye mbawa mbili zilizokutana kama herufi L. Hapo ndipo fedha za nyumbani hupotea, kwani dukani vyuma hivyo hufanana mno.

Chunguza unene kwanza. Chuma cha milimita 40 kwa 40, chenye unene wa milimita 4, kina kilo 2.42 kwa kila mita. Urefu wa mita 6, uliozoeleka sokoni, hukaribia kilo 14 na nusu. Mizani ikionyesha kilo 11, ndugu msomaji, umepewa cha milimita 3 kwa bei ya mwenzake. Kile kinachoitwa cha inchi moja na nusu kina milimita 38 tu, lakini tofauti hiyo si neno.

Wengi hudhani kuwa chuma chenye mbawa fupi na nene ndicho imara. Sivyo. Cha 25 kwa 25 chenye unene wa 5 kina kilo 1.77 kwa mita, na cha 40 kwa 40 chenye unene wa 3 kina kilo 1.84. Uzito ni karibu sawa, lakini hicho cha pili hupinga kupinda karibu mara tatu zaidi, kwa sababu upana wa ubawa una nguvu kuliko unene. Kwa meza itakayobeba jiliwa na kustahimili nyundo kila siku, miguu iwe ya 40 kwa unene wa 4. Mikingamo yaweza kuwa ya 3. Chini ya hapo, mikono ya mwanafunzi wa kuchomelea itakitoboa chuma kwa moto.

Chuma kilichopakwa zinki hakishiki kutu upesi. Hata hivyo, moshi wake wakati wa kuchomelea huleta homa na kutetemeka. Ondoa zinki kwa tupa mahali pa kuunga, ufanyie kazi nje, watoto wakiwa mbali. Kwa meza iliyo chini ya paa, chuma cheusi na rangi ya kuzuia kutu vyatosha.

Vipo pia vyuma vya vitanda vilivyochakaa. (Vya kambini, bila shaka, ni mali ya serikali.) Ni rahisi kwa bei, lakini baadhi yake vina kaboni nyingi: kekee huteleza juu yake, na kiungo kilichochomelewa huweza kupasuka baada ya kupoa. Jaribu kwanza kutoboa tundu moja.

Anayenunua ng'ambo ya mpaka aulize forodha mapema na kutunza risiti. Kisha amwombe muuzaji akate chuma papo hapo: urefu mmoja wa mita 6 hutoa miguu minne ya sentimita 85, na kubakiza mita 2.6 za mikingamo, mzigo ambao hata baiskeli huuweza.