Unapomtafutia mtoto chekechea, anza na choo, uji na mwalimu

Januari shule zinafunguliwa, na kwa familia nyingi za Mwamapalala huo ndio wakati wa palizi na wa kupiga dawa pamba. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuachwa peke yake nyumbani, na shamba lililopigwa dawa si mahali pake. Ndiyo maana akina mama huulizana kisimani na kliniki: wako umempeleka wapi? Pale wanafundishaje?

Majibu mengi husifia yanayoonekana upesi: sare nzuri, watoto wanaoimba herufi za Kiingereza, madaftari yaliyojaa maandishi. Si mambo mabaya. Lakini mtoto anayeharisha mara kwa mara, anayekaa na njaa mpaka mchana au anayemwogopa mwalimu wake hajifunzi kitu, hata darasa liwe limepakwa rangi jana. Kwa hiyo, mama, au wewe bibi, shangazi au baba unayelea, kabla ya kuandikisha tenga asubuhi moja uende ukaone mwenyewe.

Kwanza, haki ya mtoto wako

Kila shule ya msingi ya serikali inatakiwa kuwa na darasa la awali, na tangu mwaka 2016 darasa hilo halina ada. Michango ya uji au ya mlinzi ni ya makubaliano ya wazazi kwenye kikao, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mchango haujafika. Ukichagua kituo binafsi cha kulelea watoto mchana, kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Omba kuona cheti. Mwenye kituo kizuri hakasiriki kuulizwa.

Umbali nao uupime kwa miguu ya mtoto, si kwa yako. Njia inayovuka mto ni hatari mvua zikinyesha. Kama shule mama iko mbali, uliza kama kitongoji chenu kina kituo shikizi. Katika mkoa wetu wa Simiyu, mpango wa EQUIP-Tanzania ulishaonyesha kwamba inawezekana: vijana waliotoka kijijini humohumo waliandaliwa kuwafundisha watoto ambao hawakupata darasa la awali, kwa hadithi, nyimbo na michezo, kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Choo na maji

Ukifika shuleni, nenda chooni kabla ya kuingia darasani. Je, tundu ni dogo kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano hataogopa kutumbukia? Kuna mlango? Mtoto anayeogopa choo hujizuia mpaka apate maumivu ya tumbo, au huenda kichakani, na kinyesi cha kichakani hurudi kwenye mikono na chakula cha wote.

Tafuta kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Kama hakuna, hilo si jambo la kusubiri bajeti. Kidumu cha lita tano, kamba, miti mitatu na kipande cha sabuni vinatosha, na wazazi wawili wanakimaliza asubuhi moja.

Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, na yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtoto ukimfungashia maji ya nyumbani, usitumie chupa wala kopo lililowahi kubeba dawa ya pamba, hata kama umeliosha mara kumi. Sumu hunywea kwenye plastiki na huendelea kutoka kidogo kidogo. Tunasisitiza kwa sababu makopo hayo ni imara na yanavutia, na msimu wa dawa yamezagaa kila mahali.

Kuna pia kichocho. Watoto wakitoka shule kwenye jua kali hupita lambo au kidimbwi cha mtoni na kuingia kuoga, na humo ndimo vijidudu vya kichocho hupenya ngozi. Mwalimu mzuri huwaambia watoto jambo hili, nawe ulirudie nyumbani. Mtoto akikojoa damu mpeleke zahanati, usiseme atakua itaisha. Zoezi la kumeza dawa za kichocho na minyoo shuleni huwalenga watoto wa miaka 5 hadi 14. Ukitangaziwa siku ya dawa, hakikisha wako yupo na amekula kabla ya kumeza.

Uji

Uliza swali moja tu: watoto hula saa ngapi? Kama jibu ni kwamba hawali, mtoto aondoke nyumbani akiwa ameshiba. Michembe na karanga, kiporo cha ugali kwa maziwa, au uji wa mtama vinamtosha kuanza siku. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kubeba chakula cha jana usiku mpaka saa sita mchana.

Kama shule inapika, angalia unga unatoka wapi. Wazazi wengine huchanga mahindi yaliyobaki ghalani, na yaliyoota ukungu huenda kwenye uji wa watoto eti yatapikwa. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu, na karanga nazo hushikwa na sumu hiyohiyo. Mahindi usiyoyataka kwenye chungu chako yasiende kwenye chungu cha shule.

Mwalimu

Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Madarasa mengi ya mkoa wetu yana wengi zaidi ya hapo, kwa hiyo usikate tamaa ukiona wamejaa. Angalia mwalimu anafanya nini na wingi huo. Anawagawa makundi? Anawatoa nje chini ya mti?

Msikilize anavyowapokea asubuhi. Watoto wengi wa hapa hufika wakijua Kisukuma tu, na siku za kwanza hunyamaza kabisa. Mwalimu anayewaambia "mwangaluka" kwanza, kisha akawafundisha Kiswahili kwa wimbo na mchezo, anawafungua mdomo. Anayesema huyu ni mzito, huenda hajajua kwamba mtoto haelewi lugha. Hata hivyo, mtoto asiyeitika hata akiitwa kwa Kisukuma apimwe masikio.

Usishtuke ukikuta watoto wanacheza na vifuniko vya soda, magunzi na vigari vya mabua. Kuhesabu huanzia hapo, na vidole vinavyopanga vifuniko vinapata nguvu ya kushika penseli baadaye. Chekechea za Madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kuenea Zanzibar na Uganda, zilipendwa na wazazi zikitumia vifaa vya namna hii, na walimu wake wengi walikuwa akina mama wa mtaa uleule. Ukilinganisha, mtoto wa miaka mitano anayekalishwa kunakili ubaoni asubuhi nzima ndiye wa kuonewa huruma.

Fimbo haina kazi kwenye darasa la awali. Ukiiona mezani, uliza ni ya nini.

Siku ya kuandikisha

Nenda na kadi ya kliniki. Wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi tisa, na dozi ya pili ya surua-rubella ya miezi 18 hubaki wazi kwenye kadi. Darasani watoto wanakaa bega kwa bega, na surua husambaa haraka. Ukiona nafasi tupu kwenye kadi, pita zahanati kabla shule hazijafunguliwa. Kama bado una mdogo wake nyumbani, matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka mpaka atimize miaka mitano.

Wiki mbili baada ya kuanza, rudi shuleni bila taarifa. Nyumbani, mwangalie mtoto: aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, akilia kila asubuhi zaidi ya majuma ya mwanzo, au akishtuka ukitaja jina la mtu fulani, muulize taratibu mkiwa wawili, na umwamini. Zungumza na mwalimu mkuu au kamati ya shule. Kama hawakusikilizi, au jambo lenyewe linamhusu mmoja wao, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto. Hailipiwi.