Jicho la Samaki Halimalizi Kujengwa

Anayenunua sato sokoni Biharamulo au Ngara anaweza kufanya uchunguzi wa biolojia bila maabara. Chukua sato wa ukubwa wa kiganja na mwingine wa kilo mbili, walaze pamoja, kisha tazama macho yao. Kwamba jicho la mkubwa ni kubwa zaidi, hilo kila mtu analijua. La ajabu limo ndani. Retina ya yule mkubwa, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli nyingi kuliko ya mdogo wake. Seli hizo za ziada zilizaliwa wakati samaki ameshaanza kuona, kutafuta chakula na kumkimbia adui. Jicho lilikuwa kazini huku likiendelea kujengwa.

Sisi binadamu hatuko hivyo. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima hufikia milimita 24, lakini ukuaji huo huitanua tu retina aliyozaliwa nayo. Seli zake za neva, karibu zote, zilikwisha kuumbwa tumboni mwa mama. Kila jicho lina seli za kupokea mwanga za aina mbili: rodi zipatazo milioni 120, ambazo hutuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, na koni milioni 6 hivi, zinazofanya kazi mchana na kutambua rangi. Akiba nyingine hatuna.

Mmoja wa samaki waliotusaidia sana kulielewa jambo hili ni wa kwetu. Leo anaitwa Astatotilapia burtoni, na vitabu vya zamani vilimwita Haplochromis burtoni. Anaishi kwenye maji mafupi ya kando ya Ziwa Tanganyika na katika mito ya jirani. Albert Günther alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na kumpa jina la Richard Burton, aliyefika ziwani humo pamoja na John Speke mwaka 1858. Mvuvi wa Ngara hatamkuta katika Ruvubu, kwa sababu mto huo hukutana na maji ya Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, ukawa Kagera, na kwenda zake Ziwa Victoria hadi Nile. Malagarasi, ingawa nao huanzia katika milima ya Burundi, huteremkia Tanganyika. Hata hivyo furu wa Kagera na wa Ziwa Victoria ni binamu zake wa karibu, na ninayoyaeleza hapa yanawahusu wao pia, kama yanavyomhusu sato.

Mwaka 1981, Pamela Johns na Russell Fernald walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao kuhusu chimbuko la rodi katika retina ya samaki. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka. Seli inayojiandaa kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake, na kwa kazi hiyo huhitaji kiambato kiitwacho thaimidini. Samaki akidungwa thaimidini yenye mionzi kidogo, kila seli iliyokuwa ikijiandaa hubaki na alama, na alama hiyo hurithiwa na watoto wake. Baadaye retina hukatwa vipande vyembamba sana na kupakwa dawa ya picha, na penye seli iliyozaliwa karibuni hutokea vitone vyeusi.

Vitone hivyo huonekana sehemu mbili. Ya kwanza ni ukingoni, pale retina inapoishia karibu na mboni. Huko kuna mzingo mwembamba wa seli shina ambazo hazichoki kugawanyika, na hutoa koni, rodi, na aina nyingine zote za seli za retina. Msusi wa ungo anapotaka kuupanua haufumui katikati. Huongeza ukindu ukingoni, duru juu ya duru. Retina nayo hukua hivyo, kiasi kwamba seli za katikati ndizo kongwe na za pembeni ndizo changa, na umri wa samaki umeandikwa humo kwa duru.

Sehemu ya pili ndiyo iliyowashangaza watafiti. Katika tabaka la rodi, eneo zima la retina, hata katikati penye seli kongwe, kulikuwa na seli chache zilizotawanyika zikigawanyika, na zilichozaa kilikuwa rodi peke yake.

Kwa nini rodi, na si koni? Jicho likipanuka, retina nayo hutanuka, na seli zilizopo huachana. Koni zinaweza kustahimili hali hiyo kwa sababu lenzi nayo inakua. Lenzi ya samaki ni ile gololi nyeupe ngumu unayoikuta kwenye jicho la samaki aliyepikwa. Umbali kutoka katikati yake hadi kwenye retina ni takriban mara mbili na nusu ya nusu-kipenyo chake, kwa hiyo gololi ikikua, umbali huongezeka na taswira ya kitu kilekile hutua ikiwa kubwa zaidi. Mdudu aliyekuwa akigusa koni kumi bado anazigusa kumi, ijapokuwa zimeachana. Uoni wa mchana haupungui. Usiku ni habari nyingine: kinachotakiwa ni kunasa kila chembe ya mwanga inayoingia, na rodi zilizoachana zingeiacha ipite. Ndiyo maana rodi mpya huchomekwa katikati ya zile za zamani, na wingi wake katika kila eneo hubaki karibu uleule samaki anapokua.

Kwangu mimi, lililo zito kuliko yote hayo ni uunganishaji na ubongo. Kila sehemu ya retina hupeleka nyuzi zake mahali maalumu katika sehemu ya ubongo wa samaki iitwayo tektamu, ili ramani ya nje ilingane na ramani ya ndani. Lakini tektamu haikui kwa duru kamili kama retina. Huongeza seli zake hasa upande wa nyuma, kwa umbo la mwezi mchanga. Ramani mbili zinakua kwa maumbo yasiyolingana, na bado samaki haoni vitu vikiwa vimehama mahali. Stephen Easter na Claudia Stuermer, waliochunguza samaki wa dhahabu, walionyesha mwaka 1984 kwamba ncha za nyuzi huachia viunganisho vyake vya zamani na kusogea kwenda kushika vipya, maisha yote. Mfumo wa neva uliokomaa unajifunga upya kila siku bila kuzima taa.

Zile seli zilizotawanyika zinazozaa rodi mpya hutokana na seli za Müller, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuzitegemeza na kuzilisha seli za neva za retina. Kwa Danio rerio, samaki mdogo wa Asia Kusini anayependwa na maabara, retina ikijeruhiwa seli hizo hugawanyika na kutoa aina zote zilizopotea, na uoni hurudi baada ya wiki kadhaa. Binadamu pia tunazo seli za Müller. Zetu, zikikuta jeraha, huvimba na kuacha kovu. Mwaka 2017 maabara ya Thomas Reh huko Seattle, Marekani, iliwasha jeni iitwayo Ascl1 katika seli za Müller za panya wazima, ikaongeza na dawa, na baadhi ya seli hizo zikageuka kuwa seli za neva zilizojiunga na nyingine. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini ni ya panya, na tiba kwa mgonjwa wa macho bado haijapatikana.

Hapo ndipo somo la furu linapomfikia msomaji wa Ngara na Biharamulo. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glaukoma, huua seli za retina ambazo nyuzi zake ndizo neva ya jicho. Kwa kawaida huanza kimya, bila maumivu, ikila uoni wa pembeni huku wa katikati ukiwa bado mzuri, na watu wenye asili ya Afrika wako hatarini zaidi kuliko wengi. Matone ya dawa na upasuaji vinaweza kuzuia uharibifu usiendelee. Seli iliyokufa hairudi. Kama umevuka miaka 40, au mzazi wako au ndugu yako wa damu aliwahi kuugua presha ya macho, nenda hospitali ya wilaya ukaulize huduma ya macho, upimwe sasa ukiwa bado unaona vizuri.