Tovuti ya kwanza haihitaji cheti cha usanifu

MGENI anayetaka kuona magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, siku hizi huanza kutafuta kwenye simu kabla hajapanda basi. Atasoma habari za misikiti ya kale na makaburi yake. Za muuza madafu, mama lishe au mkulima wa mwani wa Mlingotini mara nyingi hazimo.

Sababu inayotajwa ni fedha za kumlipa fundi. Lakini ukurasa mmoja wa kueleza biashara hauhitaji shahada. HTML, lugha ya kurasa hizo iliyobuniwa na Tim Berners-Lee mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni maneno ya kawaida yaliyowekewa alama: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. Huandikwa hata kwa Notepad, programu iliyomo ndani ya kompyuta za Windows. Faili huhifadhiwa kwa jina linaloishia na .html, kisha hufunguliwa kwa kivinjari bila hata kuunganishwa na intaneti. Ukikosea unasahihisha na kulifungua tena, na hasara ni muda tu.

Wengi huogopa usanifu wenyewe, na hapo mfanyabiashara anajua mengi kuliko anavyodhani. Anayepanga nyanya mafungu sokoni huweka nzuri mbele, huacha nafasi kati ya fungu na fungu, wala hamfichi mteja bei. Mchora mabango ya maduka, ambaye pengine hakukanyaga chuo, anajua kuwa herufi za njano kwenye ukuta mweupe hazisomeki. Ukurasa unataka hayo hayo: unachouza kiwe juu kabisa, kifuatiwe na bei, namba ya simu na njia ya kufika. Rangi mbili zinatosha. Maandishi yanayorukaruka ni kelele.

Picha nazo ni mtego. Iliyopigwa kwa simu hufikia megabaiti tatu au zaidi, na anayeifungua analipia bando lake. Ipunguzwe hadi kilobaiti 200 hivi.

Palipo na hatari kubwa ni kwenye umiliki. Jina linaloishia na .co.tz husajiliwa kupitia wakala na hulipiwa kwa muda maalumu. Fundi akilisajili kwa jina lake, siku mkikosana wateja watakuwa wanabisha hodi kwenye nyumba isiyo yako. Lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, nywila ziwe mikononi mwake, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Kabla ya kuutangaza ukurasa, apewe simu jirani asiyejua lolote kuhusu biashara hiyo, aambiwe atafute bei ya kilo moja ya mwani mkavu. Dakika ikipita hajaiona, maneno yapunguzwe.